Mitungi ishirini inaingia, mama anakunywa vikombe viwili

Swali: Habari dakta. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kayole. Kuna akina mama 12 na watoto 31 wanaoishi kwa ukumbi mmoja wa mabati. Wengi ni wale walitoka kando ya mto Mathare baada ya mafuriko ya 2024 na ubomoaji uliofuata, hawajatulia mahali tangu hapo, na watatu ni Wakongo walitoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kuna msamaria anatuletea mitungi 20 ya maji kila siku, na chakula pia kinaletwa, unga na maharagwe. Lakini tangu jua la Januari lianze naona wanadhoofika, vichwa vinawauma, wawili wameanguka na mmoja wao ni mjamzito, na kuna mwenye mtoto wa miezi miwili anasema maziwa yameisha kwa hivyo anampa mtoto maji juu ya joto. Alafu wanauza maharagwe! Maji yako, chakula kiko, sasa shida ni gani? Nimewafundisha wanywe glasi nane kwa siku lakini hawasikii.

Jibu: Asante dada kwa kuandika yote hayo badala ya kuniuliza tu mtu anywe maji kiasi gani, manake jibu la hilo ni fupi na halisaidii mtu. Alafu tuelewane, mimi si dakta, mimi ni mtu wa lishe, lakini watu walishanipa hicho cheo nikachoka kukataa.

Wacha nianze na hizo glasi nane juu mimi pia zilishaniaibisha. Mwaka wangu wa kwanza Kakuma, msichana wa kutoka chuo juzi, nilisimama chini ya mti nikawahubiria akina mama kama arobaini habari ya kunywa maji, na lile jua la Turkana unalijua ama umelisikia. Wakanisikiliza na heshima zao zote. Nilipomaliza mama mmoja wa makamo, Mkongo, akainua mkono akaniuliza, "Ile mayi yote nikikunywa, nitaenda kukojolea wapi?" Wakacheka wote, mimi nikacheka pia nikidhani ni mzaha. Jioni ndo nikapelekwa kuonyeshwa choo chenyewe. Kilikuwa mbali, mlango hakuna, na usiku kwenda huko peke yako ni kujitafutia balaa, kwa hivyo wale akina mama walikuwa wanaacha kunywa kitu kuanzia saa tisa mchana ndio wavuke usiku salama. Hawakuwa wajinga hata kidogo, walikuwa wamepiga hesabu ambayo mimi na cheti changu sikuwa nimeiona.

Kwa hivyo kabla uwafundishe tena kitu chochote, enda huko ukumbini jioni, si asubuhi, ukae nao, uulize mambo ya choo. Kiko wapi, kinafungwa saa ngapi, ni cha kulipa? Kama ni cha kulipa na ni shilingi kumi kila ukiingia, mama akienda mara nne hiyo ni arobaini, na bado kuna watoto. Huyo ni mama anatoka asubuhi kutafuta nguo za kufua kwa watu na siku zingine anarudi bila kitu. Unamwambia anywe glasi nane, yeye anasikia umemwambia alipe choo mara mbili zaidi. Na kama usiku hakuna choo kabisa atafanya vile wote hufanya, atakauka kuanzia alasiri.

Na hiyo kukauka ina gharama yake. Mtu akinywa kidogo na akibana mkojo masaa mengi, vijidudu kwenye njia ya mkojo vinapata nafasi ya kuzaana, ndio unasikia mama analalamika kuchomwa akikojoa, mgongo, homa ya kuja na kwenda, wanasema ni malaria wananunua dawa ya malaria. Kwa mjamzito hiyo infeksheni si ya kuchezea, inaweza kupanda kwa figo na inaweza kumletea uchungu kabla ya wakati. Yule wako aliyeanguka apimwe mkojo wiki hii, ni kipimo cha bei ya chini na kliniki nyingi za wajawazito zinacho.

Cha kufanya kuhusu choo ni cha kawaida sana na ndio maana watu hawakifanyi. Zungumza na mwenye choo mlipe kwa mwezi kama kikundi, watu wa vyoo hukubali ukiwapa pesa pamoja. Na za usiku tafuta ndoo mbili zenye vifuniko, muweke nyuma ya pazia ndani ya ukumbi, asubuhi zinamwagwa chooni na zinaoshwa. Najua inasikika si heshima. Uliza akina mama wenyewe kama wanataka ndoo ama wanataka kutoka nje saa nane za usiku.

Sasa maji. Mitungi 20 ni lita 400, watu ni 43, hiyo ni lita tisa na kitu kwa kila mtu. Kiwango ambacho mashirika ya misaada hutumia wakati wa dharura, kile kinaitwa Sphere, ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupika na usafi wa mwili, na kwa wakimbizi UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, hulenga 20. Kufika hiyo 15 mngehitaji mitungi kama 32. Kwa hivyo msamaria wenu Mungu ambariki lakini usimwambie maji yametosha, mwambie inabaki mitungi kumi na mbili. Kiwango hichohicho kinasema foleni isizidi nusu saa na bomba lisizidi mita 500 kutoka unapoishi, na ukitaka kujua vile Nairobi tunaishi chini ya kiwango cha kambi, hesabu hiyo foleni ya Kayole siku ya mgao.

Lakini hata hizo lita tisa, maji ya kunywa hayakupaswa kukosekana, na hapo ndo nataka tukae kidogo.

Niliwahi kukaa na mama mmoja Mukuru siku nzima, nyumba yao ilikuwa imebomolewa wakahamia kwa chumba cha dadake, tukaandika kwa karatasi mtungi mmoja wa lita 20 ulienda wapi. Lita kama tano zikaenda kwa nepi na nguo za mtoto. Vyombo nne. Kupika ugali na kuosha sukuma, nne. Kuosha watoto wa shule miguu na uso, tatu. Chai ya asubuhi, mbili, na iliyobaki ikaingia kwa thamosi. Watoto wakanywa lita moja unusu kwa vikombe vyao siku nzima, na nusu lita akamwekea mzee akirudi kazini. Ishirini zimeisha. Nikamuuliza, na wewe? Akafikiria sana, kweli akafikiria, akasema alikunywa kikombe cha chai asubuhi na kingine cha ile ya thamosi saa kumi. Ilikuwa Februari, mabati juu, ananyonyesha. Na hakuna mtu alikuwa amemnyima. Yeye mwenyewe ndo alikuwa anagawa, na aliyegawa hujipa mwisho, unajua vile mama zetu wametulea tukiona shingo ya kuku ndo nyama yao.

Piga hesabu ya kunywa peke yake uone. Mama mtu mzima kwa joto hili mpe kama lita tatu kwa siku ukihesabu chai, uji na supu zote ndani, anayenyonyesha aongeze kidogo. Watoto wanatofautiana na umri lakini tuchukue wastani wa lita moja unusu. Akina mama 12 ni lita 36, watoto 31 ni kama 46, jumla 82. Hiyo ni mitungi minne na tone. Minne kati ya ishirini! Kwa hivyo maji ya kunywa yako, shida ni kwamba yanatolewa mwisho kwa kile kimebaki, na hakibaki.

Asubuhi maji yakifika, kabla mtu aguse, toa mitungi mitano. Ifunge kitambaa chekundu shingoni, iwekwe juu ya benchi, na ile ndiyo inawekwa dawa ya klorini. Haiguswi kufua wala kupika. Alafu kila mama apate chupa yake ya lita moja, zile za soda zilizotumika zikioshwa vizuri, yenye alama yake, ajaze mara tatu. Usimpe mama maji kwa jagi la wote, atawapa watoto wote, wa kwake na wa jirani. Chupa yenye alama yake ni yake. Nimeona hii ikifanya kazi kuliko mafundisho yangu ya mwaka mzima, manake saa sita unaweza kumuuliza mtu umefika chupa ya ngapi, na chupa haidanganyi.

Habari ya dawa sitakaa sana. Klorini ya chupa ama ya tembe, fuata kipimo kilichoandikwa, tikisa, ngoja dakika thelathini. Maji yakiwa na matope chuja kwanza na leso iliyokunjwa mara nne juu uchafu unakula dawa. Na usiamini maji juu yametoka kwa bomba. Zile paipu za plastiki zinapita ndani ya mtaro, na siku ya mgao zikikosa presha zinavuta maji machafu ndani kupitia kila mpasuko, kwa hivyo maji ya kwanza baada ya mgao ndiyo mabaya zaidi, yachukueni ya kufulia. Kama msamaria analeta maji ya kisima kirefu, yale ya chumvichumvi, dawa itaua vijidudu lakini floraidi, yale madini ya kuharibu meno yakizidi, haitoki, na visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi. Kuchemsha ndo hata inazidi juu maji yanapungua yenyewe inabaki. Hayo yawe ya kuosha, ya mfereji yawe ya wajawazito na watoto kadiri mtaweza.

Mtoto wa miezi miwili. Dada, hili ndo lilinikosesha usingizi kwa barua yako. Aache kupewa maji leo. Maziwa ya mama karibu asilimia 87 ni maji, na mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya vizuri hahitaji tone la maji hata kwa joto la Lodwar, sembuse Kayole. Ukimpa maji tumbo linajaa, hanyonyi, na titi lisiponyonywa linaelewa kwamba maziwa hayatakiwi linapunguza. Kwa hivyo alianza kumpa maji akidhani maziwa yameisha, na sasa kweli yanaisha. Ongeza kwamba maji yenyewe yanaweza kumletea kuhara, na mtoto mdogo hivyo akipewa maji mengi chumvi ya damu inashuka anaweza hata kupata degedege.

Mbona aliona yameisha? Mara nyingi ni juu mtoto ananyonya kila saa na analia. Kwa joto mtoto hufanya hivyo, anakuja kunyonya kidogo kidogo mara nyingi kama wewe unavyopiga funda la maji, hiyo ni kiu yake anaitibu mwenyewe. Mwambie amwachie. Wakishikana jasho na mtoto akikataa kukaa, aweke leso nyepesi katikati yao, ama anyonyeshe akiwa amelala upande. Na mwili wa mama hulinda maziwa kwa nguvu, mama akikosa maji na chakula maziwa ndo ya mwisho kupungua. Anayeumia kwanza ni yeye, kichwa, kizunguzungu, kufunga choo, hasira. Unaangalia mtoto kwa nepi. Nepi sita au zaidi zenye mkojo kwa masaa 24, mkojo mweupe, uzito unapanda, basi anapata. Zikiwa chini ya hapo, utosi umebonyea, mtoto amelegea, hiyo ni hospitali bila kungoja kesho.

Huyo mama anahitaji chakula cha ziada kama kalori 500 kwa siku kuliko akiwa hanyonyeshi. Hiyo si chakula kingi, ni sahani ndogo ya ugali na kikombe cha maharagwe.

Ndio tufike kwa maharagwe. Ulikasirika wakiyauza na naelewa, lakini umewahi kuhesabu sahani ya maharagwe inakula nini? Kuchagua, kuosha, kuloweka, kumwaga, kuchemsha masaa mawili matatu ukiongeza maji. Makaa ya mkebe mbili. Na sisi tuko juu huku, Nairobi iko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwa kama nyuzi 94 badala ya 100, ndio maana maharagwe ambayo dadako wa Mombasa anapika akimaliza haraka hapa yanakutesa hadi jioni. Sasa mama ana lita tisa, hana makaa, na ukumbi uko moto kama tanuri, awashe jiko masaa matatu ndani? Anauza kilo ya maharagwe ananunua mandazi, chai, majani na sukari, watoto wanashiba kwa dakika kumi na hakuna sufuria ya kuosha. Kakuma nilikuwa naona vilevile, watu wanauza nafaka ya mgao wanunue kitu kinachopikika. Ukosefu wa maji na kuni unaingia hadi kwa sahani na watu wa ofisi wanasema akina mama hawajui lishe.

Kwa hivyo usiwakemee. Wapike pamoja. Sufuria moja kubwa ya watu 43 inakula makaa na maji kidogo sana kuliko sufuria kumi na mbili. Maharagwe yalowekwe usiku, yale maji ya kuloweka yaende kuosha choo. Asubuhi mapema, saa kumi na mbili kabla jua litoke, nje na si ndani, yachemshwe kwa moto mkali dakika thelathini kamili, na hapo usipunguze, maharagwe mekundu yasipochemka vizuri yana sumu ya kutapisha watu. Alafu funika, zungushia blanketi na nguo kuukuu ndani ya kikapu kikubwa ama katoni, wacha hadi mchana. Yanajipika yenyewe kwa ule moto, yakitoka mnayachemsha tena kidogo mnakula. Kama msamaria anaweza kubadilisha, mwombe alete nusu ndengu, zinaiva haraka, na omena. Omena unaikaanga dakika chache na nyanya na kitunguu, ina madini ya chuma, ina kalsiamu, na maji inakula ni ya kuosha tu.

Na uji. Mtu wa joto hataki kula, tumbo linakataa ugali wa saa saba, hilo ni kawaida, mwili unakwepa kujiongezea moto. Lakini uji uliochachuka, ukiwa baridi, atakunywa. Kikombe cha uji ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hivyo anakunywa na anakula kwa mpigo mmoja, na ukisaga njugu ukatia ndani hiyo imekuwa chakula kizuri cha mjamzito. Wapike asubuhi na moto ule wa maharagwe. Chakula kizito kiwe saa moja asubuhi na saa moja usiku, mchana ni uji na matunda kama yako.

Chai ni maji pia, wacha mtu asikudanganye chai inakausha. Kosa la chai ni kunywewa pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma kuingia kwa damu. Isubiri kama saa moja hivi. Kwa maharagwe na sukuma kamulia ndimu ama weka nyanya mbichi, hiyo inafanya kinyume, inasaidia chuma kuingia. Na ukiona mjamzito anatafuna odowa, yale mawe ya sokoni, usimcheke, mara nyingi damu yake iko chini. Apimwe damu. Tembe za chuma na foliki zinapewa bure kliniki ya serikali, moja kila siku, wengi huziacha juu zinawaletea kichefuchefu, ameze jioni baada ya kula.

Labda unajiuliza pia kwa nini wanaanguka na Nairobi si Turkana. Nairobi ya gazeti ni nyuzi 27, lakini hiyo inapimwa kwa kituo cha hali ya hewa chenye nyasi. Watafiti waliweka vipima joto Kibera, Mathare na Mukuru miaka kadhaa iliyopita wakakuta mitaa hiyo iko na joto nyuzi kadhaa zaidi ya kituo cha Dagoretti, na hiyo ni nje tu. Ndani ya mabati bila dari saa nane mchana ingia mwenyewe na uweke mkono juu ya ukuta. Mwili unajipoza kwa jasho, jasho likiwa halina maji ya kulitengeneza damu inakuwa nzito, presha inashuka ukisimama ghafla, unaanguka. Mama anayefua juani anaweza kutoa zaidi ya nusu lita ya jasho kwa saa moja, na huyo ndo alikunywa vikombe viwili. Mjamzito yuko hatarini zaidi juu damu yake inagawanywa kwa watu wawili. Utafiti uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, uwezekano wa kuzaa kabla ya wakati unapanda kwa karibu asilimia 5. Inasikika kidogo mpaka uzidishe kwa nyuzi sita.

Kwa hivyo wajawazito na wanaonyonyesha wahamie upande wa ukumbi usiopigwa na jua la alasiri. Fungueni milango miwili inayotazamana, toeni bati moja juu ya ukuta kama mwenye ukumbi atakubali, hewa moto inatoka juu. Chini ya mabati mfunge magunia ama katoni, hata turubai nyeupe juu ya paa inasaidia. Leso yenye maji shingoni na miguu kwa beseni, na maji hayo si lazima yawe masafi, yale ya kuosha sukuma yanatosha. Kufua kuwe kabla ya saa nne. Na jiko lisilale ndani usiku hata kama ni la kupasha chai, hewa ya makaa inaua watu wakiwa usingizini, hilo najua unalijua.

Dalili za kukimbia nazo: mtu ameanza kuongea maneno yasiyoeleweka, ngozi moto sana, anatapika hawezi kushikilia maji, degedege, amezimia haamki. Mwagilia maji mwili wote, pepea, mpeleke, usimlazimishe kunywa kama hana fahamu. Mjamzito ambaye mtoto amepunguza kucheza, anatoka damu ama maji, ama tumbo linakaza mara kwa mara, pia ni hospitali sai. Mwenye kichwa na kizunguzungu tu mlaze kivulini, miguu juu, umpe maji ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari, kidogo kidogo. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, na usizidishe chumvi ukidhani ndo dawa.

Uko na ule utepe wa kupima mkono kwa mfuko wako wa kazi. Pima watoto wote wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni rufaa leo, kati ya hapo na 12.5 anaandikishwa kwa mpango wa lishe. Akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, chini ya 21 mpeleke, na kliniki zingine huchukua hadi 23 kwa hivyo uliza ya kwenu.

Hao Wakongo watatu uhakikishe wamehesabiwa kwa orodha ya ukumbi kwa majina. Nimeona mara nyingi maji yakigawanywa kwa familia na wageni wakiambiwa wangoje, na kwa sababu wanaongea Kiswahili tofauti hawalalamiki. Wakisema bido wanamaanisha mtungi, wape na chupa zao.

Anza na huyo mama wa mtoto wa miezi miwili. Kesho asubuhi apewe chupa ya kwanza kabla ya kitu kingine, mtoto apimwe uzito, maji ya mtoto yakome, na zihesabiwe nepi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja asubuhi ya keshokutwa. Niandikie ni ngapi, na mama amefika chupa ya ngapi.